Hakimu wa Chumba cha Kufulia

Redio hakuonewa kwa kuitwa Redio. Tangu anafunga vifungo vya koti la kazi asubuhi mpaka anavifungua jioni, mdomo wake haukujua likizo, na zile mashine za kufulia za hospitali, ambazo kelele zake zimewafanya watu wazima wajifunze kusemezana kwa mikono, hazijawahi kumshinda. Yeye hupandisha sauti tu. Msimamizi wao aliwahi kusema kwamba siku mama huyu akiugua koo, wagonjwa wodini watadhani umeme umekatika.

Sasa fikiria asubuhi moja anaingia, mdomo uko wazi, na hakitoki kitu. Aliyekuwa akipakua mashine aliacha nguo zinaning'inia. Msukuma toroli alisimama katikati ya mlango. Redio alikuwa ameinua simu yake juu ya kichwa kama mtu aliyeokota pochi barabarani na anamtafuta mwenyewe.

"Wameifanya filamu," alisema hatimaye, akihema. "Mfinyanzi na Hakimu. Ile ile. Nimeona trela mwanzo mwisho. Inaanza Ijumaa."

Watu walirudi kwenye kazi zao wakiwa wamekasirika kidogo, maana walitegemea msiba au nyongeza ya mshahara. Lakini Redio hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akimtazama mwanamke aliyesimama mwisho wa meza ndefu ya kukunjia, akipanga foronya kumi kumi. Huyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na hospitali nzima, kuanzia getini mpaka chumba cha upasuaji, ilimwita Mfinyanzi.

"Nimesikia," alisema Mfinyanzi bila kuinua macho. "Tangu juzi."

Lazima nikueleze kuhusu mchezo wenyewe, vinginevyo utadhani hawa ni watu wasio na shughuli. Mfinyanzi na Hakimu ni mchezo wa kuigiza wa zamani. Aliyeuandika alishazikwa, na waliomzika nao wameshazikwa. Kila aliyepita shule aliusoma kwa lazima, akaukariri kwa ajili ya mtihani, na alipotoka chumba cha mtihani akauacha humo humo. Unamhusu mjane anayefinyanga vyungu. Mwanawe wa pekee alitoroka nyumbani akiwa mdogo, na sasa amerudi mjini akiwa mwizi, amekamatwa, na hakuna anayemtambua. Sheria ya mji ni ngumu: mwizi akiwa mgeni asiye na mtu, ananyongwa. Akiwa na mzazi mjini hapo, anasamehewa roho yake, ila mzazi anavunjiwa tanuri na kufukuzwa yeye pamoja na mwanawe. Hakimu anamleta yule kijana mbele ya mjane na kumwuliza swali moja tu. "Mama, mtazame. Huyu ni wako?" Mjane ananyamaza. Kisha anajibu: "Ni wangu. Hata ufa wake ni wangu."

Redio naye alikuwa ameusahau kama wengine. Aliukumbuka baada ya kuolewa, wiki ile ile ya harusi, mumewe alipomwambia kwamba jioni wanakwenda kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa hospitali kumwona dada yake akiigiza. Bibi harusi haulizi maswali. Alikwenda akiwa ameshaamua kutabasamu mwanzo mpaka mwisho, mchezo uwe mzuri uwe mbaya, wakwe wasije wakasema wameoa mwenye majivuno. Tanuri lilikuwa maboksi ya dawa yaliyopakwa matope, ndani yake taa nyekundu. Mumewe, ambaye ni fundi umeme wa hospitali mpaka leo, alikuwa amepiga magoti nyuma ya pazia akiishikilia waya isikatike.

Ilikatika. Tena ilikatika pale pale penyewe, hakimu anamaliza tu kuuliza. Tanuri likazimika, na fundi akatoa tusi ambalo lilisikika mpaka safu ya tatu. Mwingine angegeuka, angecheka, angetafuta pa kuficha uso. Wifi yake hakupepesa hata jicho. Alisimama pale katika nusu giza, akanyamaza, akaendelea kunyamaza, mpaka watu wakaanza kumwonea huruma wakidhani amesahau maneno. Ndipo akasema kwamba ni wake. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeitika jina lake. Redio alilia mpaka mama mkwe akamwazima leso, na wale wakwe ambao alitaka waridhike na tabasamu lake waliridhika na machozi.

Tangu jioni ile akawa shabiki. Kuna watu wanapenda timu ya mpira, wanaijua mpaka mchezaji wa akiba anayefunga kamba za viatu benchi. Redio aliupenda mchezo ule hivyo. Aliukariri wote. Na ukimwuliza anaupenda kwa sababu gani, atakupa sababu nyingi, maana haishiwi, lakini ile ya kweli ilikuwa imekaa mwisho wa meza ya kukunjia. Hakuweza kuutenganisha mchezo na wifi yake hata kidogo.

Kwa bahati, kazi yao ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha ugonjwa wake huo wa mchezo. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha mbili mbili, mnarudi nyuma mpaka shuka linyooke, mnalivuta kwa pamoja litoe mikunjo, halafu mnasogeleana, ncha zinakutana kifuani, mmoja anapokea, mwingine anainama kushika sehemu iliyoning'inia, mnarudi tena nyuma. Mnaachana na kukutana, mnaachana na kukutana, mchana kutwa. Sijui nani alianza. Ninachojua ni kwamba walipokuwa mbali, shuka limetanda kati yao, Redio alikuwa akisema maneno ya hakimu, na walipokutana kifua kwa kifua, Mfinyanzi akijibu. Redio alikuwa hakimu, alikuwa kijana mwizi, alikuwa majirani wambeya, alikuwa Muuza Kuni, yule mchekeshaji anayedai kuni zake zinaungua hata zikiwa zimelowa. Mfinyanzi alikuwa Mfinyanzi tu. Hakukubali kuwa mwingine, hata siku Redio alipokuwa na mafua.

Kikundi cha maigizo cha wafanyakazi kilikufa zamani. Aliyekiongoza alihamishwa, na ukumbi ukageuzwa kuwa ghala la vitanda vibovu. Jina likabaki. Wauguzi wapya walilikuta, wakalitumia bila kujua lilitoka wapi; mmoja aliwahi kumwomba amtengenezee chungu cha kupandia maua. "Udongo umeisha," Mfinyanzi alimjibu, na muuguzi akasema basi atasubiri.

Ndiyo maana Redio aliposhusha simu yake asubuhi ile, alikwenda moja kwa moja mwisho wa meza.

"Twende wote, wifi. Ijumaa hiyo hiyo, tukitoka kazini."

"Nenda."

"Nimesema twende."

"Na mimi nimesema nenda." Mfinyanzi alikung'uta foronya. "Kwani wamemweka nani?"

Redio alimjua. Alitamani asingemjua. Alikuwa yule binti ambaye uso wake umebandikwa kila ukuta, wa tangazo la sabuni ya unga. "Yule wa sabuni," alisema kwa sauti ndogo, ambayo kwake ni sauti ya mtu wa kawaida.

"Anayefua huku anacheka?"

"Huyo huyo."

"Basi yameisha. Aliyefua kweli haichekei sabuni." Akaongeza foronya juu ya nyingine. "Tena wamebandika mabango mpaka kwenye choo cha stendi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Redio alidhani ni mzaha. Walishika shuka la kwanza, wakarudi nyuma, wakavuta, na kama siku zote akatoa swali lake: "Mama, mtazame. Huyu ni wako?" Wakasogeleana. Ncha zikakutana. Mfinyanzi akazipokea, akalitazama shuka, akasema, "Lina doa hili. Lirudishwe." Akaenda kulitupa kwenye toroli la nguo chafu. Redio alilitazama lile shuka baadaye. Lilikuwa jeupe pe.

Mchana, wakati wa chai, wakiwa wamekaa juu ya marobota nyuma ya kikaushio, wifi yake alimwambia yaliyokuwa moyoni. Hakuwa mtu wa kuzungusha.

"Mimi sikusoma sana, wifi. Mtoto sikujaaliwa. Nina jina moja, nililopewa na watu jioni moja, na nimelivaa mpaka leo. Kuanzia Ijumaa litakuwa la yule binti. Mtu akisema Mfinyanzi, watu wataona uso wake. Hilo siwezi kulizuia. Wewe nenda, ni haki yako, najua unavyoupenda. Ila usinihadithie. Na ukimshangilia, mshangilie huko huko."

Redio alikosa ladha ya chai. Usidhani hamu ilimtoka; hapo ndipo ilipomzidi. Kila alipokwenda chooni aliitazama tena ile trela, simu ameikumbatia, sauti ameizima. Aliliona tanuri, tanuri la kweli, lina moto wa kweli. Aliona mvua. Aliona kisogo cha hakimu. Moyo ulimwenda mbio kama msichana aliyeandikiwa barua. Halafu alirudi mezani, akashika ncha za shuka, na wifi yake akamtazama pembeni ya bega, na wakakunja kimya. Msimamizi alipita mara mbili kuuliza kama kuna aliyefiwa.

Nyumbani alimweleza mumewe, aliyekuwa akifungua pasi iliyoungua mezani.

"Naogopa," alisema.

"Unaogopa nini? Ni filamu."

"Naogopa itakuwa nzuri."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Watu wote wanaomba filamu iwe nzuri, wewe unaiombea iwe mbaya?"

"Ikiwa mbaya mambo ni mepesi. Nitarudi kwa dada yako, tutaisengenya mpaka tustaafu. Ikiwa nzuri nitamtazama vipi? Nitakuwa nimembadilisha kwa mtu wa sabuni."

"Si umwambie tu kwamba ilikuwa mbaya."

"Umeshaona redio inaficha habari?"

Mumewe alikubali kwamba hajawahi kuona. Alirudi kwenye pasi yake. "Basi jikaze kisabuni, uende," alisema.

"Usinitajie sabuni humu ndani."

Alijizuia Ijumaa. Ilikuwa Ijumaa ndefu kuliko mfungo. Alijizuia Jumamosi, akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Jumapili shoga yake alimpigia simu kumhadithia, Redio akakata simu, halafu akampigia mwenyewe kumwuliza kitu kimoja tu, kama Muuza Kuni yumo. Shoga hakukumbuka Muuza Kuni yeyote. Redio hakulala vizuri.

Wiki mpya ilipoanza, kazini palikuwa vile vile. Mfinyanzi alikuja kwa wakati, akakunja, hakusema, na kila jioni alikuwa wa kwanza kuvua koti. Alisema anakwenda kuchuliwa bega. Redio alimhurumia, kisha akajiona mnafiki, maana kila alipomtazama mgongo ukiishia getini, alichokuwa akiwaza ni tanuri. Siku ya Jumatano alishindwa. Alivua koti, akajipaka mafuta mikono iliyokauka kwa dawa za kufulia, akabadili viatu, akaenda mjini mguu mosi mguu pili kama mwizi wa kuku.

Ukumbi wa sinema ulikuwa ghorofa ya juu, juu ya duka la sufuria na vyombo. Ilikuwa saa za jua bado, na ndani giza, na baridi ya mashine, na viti laini vinavyokumeza. Alikaa katikati. Kushoto kwake alikaa baba mmoja mnene mwenye bisi nyingi mapajani, ambaye alimsalimia kwa heshima na kumkaribisha bisi. Redio alishukuru. Asingeweza kumeza chochote; roho ilikuwa juu.

Filamu ilianza bila uso. Hilo ndilo lililomvuruga. Alikuwa amejiandaa kuuona ule uso wa tangazo, ameshakunja midomo tayari, na wao wakamwonyesha mikono. Mikono miwili kwenye udongo, kwa muda mrefu, na sauti ya udongo wenyewe ukikandwa. Kucha zimejaa tope, kidole gumba kimoja kina kovu. Redio anaijua mikono ya watu wanaofanya kazi, maana ameishi kati yao. Alisogea mbele kwenye kiti. Alijiambia kwamba huenda wameazima mikono ya mtu mwingine.

Uso ulipokuja, haukucheka. Ulikuwa umechoka, na haukujali kama unatazamwa. Na lile tanuri, mama yangu, lile tanuri. Walilijaza kuni, wakaliwasha, na moto ukanguruma mpaka kiti cha Redio kikatetemeka. Alikumbuka maboksi ya dawa na taa nyekundu na mumewe amepiga magoti, akacheka peke yake gizani, machozi yakamlengalenga, na hakujua ni ya kicheko au ya nini. Alitaka kumshika mtu. Alimshika yule baba wa bisi mkono, akaomba radhi, akamshika tena majirani wambeya walipotokea, wote watatu, wamevaa vilemba vinavyofanana.

Hakuipenda yote, tusije tukatia chumvi. Walikuwa wamemwongezea mjane mchumba, jambo ambalo halimo na halikuwa na haja ya kuwamo. Na Muuza Kuni hakuonekana. Nusu saa ikapita, hakuonekana. "Yuko wapi?" Redio alinong'ona, na baba wa bisi akauliza nani. "Muuza Kuni. Wamemtoa. Waliosomea filamu ndio hawa?" Alikuwa ameanza kukasirika kwelikweli, tena kwa raha, maana hasira ile ilimpa kitu cha kumpelekea wifi yake. Ndipo mlango ukagongwa kule ndani ya filamu, ukafunguliwa, na akaingia mzee mfupi amelowa chapachapa, mzigo wa kuni unamwagika maji kichwani, akasema zinaungua vizuri sana. Ukumbi mzima ulicheka. Redio alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Hapo alijua ameshakwisha. Aliipenda. Aliipenda yote, hata mchumba alimsamehe. Furaha ilimjaa mpaka akajionea haya, kwa sababu chini yake, kama jiwe ndani ya kiatu, alikuwepo wifi na jina lake moja. Kesho angemwambia nini?

Ikafika hukumu. Mchezoni hukumu iko barazani kwa hakimu. Hawa waliiweka uwanjani, mvua inanyesha, mji mzima umesimama chini ya magunia. Kijana aliletwa amefungwa kamba. Mjane alisukumwa mbele. Hakimu, mzee mwenye nyusi nzito, alishuka kwenye kiti chake, akasogea karibu, akavuta pumzi.

Na Redio akavuta pumzi.

Hakukusudia. Mtu aliyekunja mashuka miaka yote ile hasemi yale maneno kwa kukusudia. Yanatoka yenyewe pumzi ile ikishavutwa. Alisema pamoja na hakimu, tena kwa sauti ya chumba cha kufulia, iliyozoea kushindana na mashine na kushinda.

"Mama, mtazame. Huyu ni wako?"

Vichwa viligeuka safu nzima. Mtu alisema sss. Mwingine akasema mama huyu vipi. Baba wa bisi alisogeza bisi zake upande wa pili. Redio alizama kitini mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele, uso unawaka, akiomba ardhi ipasuke, lakini macho hakuyafumba. Asingeweza. Mjane alikuwa anamtazama mwanawe.

Alimtazama, na hakusema. Redio aliujua ukimya ule kwa kipimo. Alijua wifi yake aliukata wapi jioni ile taa ilipozimika, na huu ukafika pale na kupita. Mvua ikapiga magunia. Midomo ya binti ilifunguka, ikatetemeka, ikafungika. Redio alielewa polepole kwamba hatasema. Wameyatoa maneno. Maneno ambayo mchezo mzima umejengwa kwa ajili yake, wameyatoa, na wameacha uso tu na mvua.

Ndipo kutoka nyuma kabisa, safu ya mwisho, juu karibu na ukuta, sauti ya mwanamke ikasema:

"Ni wangu. Hata ufa wake ni wangu."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeitika jina lake. Ukumbi ulitulia, na safari hii hakuna aliyesema sss. Kule mbele, kama aliyekuwa akingoja asemewe kwanza, mjane aliinua mkono wenye tope akamshika mwanawe shavu, na umati uwanjani ukapiga magoti. Watu walianza kuvuta kamasi huku na huku.

"Spika za hapa ni kiboko," alinong'ona baba wa bisi, anajifuta macho. "Sauti wameitoa nyuma kabisa."

Redio hakugeuka. Angegeuka angepiga kelele, na alikuwa ameshapiga ya kutosha. Alikaa ameshika mikono ya kiti, akawatazama mama na mwana wakitoka mjini na vumbi la tanuri lililovunjwa likiwafuata, na hakuona hata nusu yake, maana machozi yalikuwa yanatoka kama bomba lililoachwa wazi.

Taa ziliwashwa. Watu walishuka. Alisubiri chini ya ngazi, na katika wale wa mwisho alimwona wifi yake anashuka taratibu, amevaa gauni lake la kutokea, mkoba ameukumbatia kifuani. Kijana wa mlangoni aliyekuwa akikusanya maboksi ya bisi na chupa tupu alimsogezea pazia kwa adabu.

"Mama, tuonane kesho tena?"

Mfinyanzi alimtupia jicho ambalo lingekausha nguo. Kijana akaenda kuokota chupa mbali.

"Bega vipi, wifi?" aliuliza Redio.

"Linaendelea."

Walitoka pamoja wakasimama mbele ya lile duka la sufuria, kila mmoja akijifanya anachagua. Redio aliona kwamba asiposema sasa hatasema tena, na jambo lisilosemwa kwake ni ugonjwa.

"Nimeipenda," alisema. "Nisamehe, wifi. Nimejaribu nisiipende, imenishinda. Nimempenda hata yule wa sabuni."

"Msamaha wa nini sasa? Mimi nimeanza kuja tangu Ijumaa."

"Tangu Ijumaa!"

"Punguza sauti. Nilikuja kutafuta kosa. Sikuliona. Nikasema labda nilisinzia, nikarudi Jumamosi." Mfinyanzi alishika mfuniko mmoja, akautazama pande zote, akaurudisha. "Binti anajua. Sitaki kusema, lakini anajua. Umeona alivyoukanda ule udongo? Kafundishwa na mtu."

"Na pale anaponyamaza?"

"Pale nililia kwa hasira, siku ya kwanza. Nilisema wameniibia maneno yangu, na hata kuyatumia hawakuyatumia. Nikakaa kitini mpaka wafagiaji wakaja." Alichukua mfuniko mwingine. "Ila ule uso, wifi. Mimi nilikuwa gizani, mdogo wangu alishatuzimia taa. Uso wangu hakuna aliyeuona. Watu waliona maneno tu."

Redio alimtazama. Alikuwa ana furaha kama ya mtu aliyekuta mlango aliodhani umefungwa uko wazi, lakini kitu kimoja kilikuwa hakijamwingia akilini, na alikiuliza.

"Sasa kama ulijua hasemi, leo mbona umesema? Ijumaa ulikaa kimya. Jumamosi ulikaa kimya. Mpaka jana umekaa kimya na ukumbi umejaa."

Mfinyanzi alimgeukia akiwa amekunja uso, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Siku zote hizo alikuwa anauliza yule hakimu wao," alisema. "Leo umeniuliza wewe."